Rangi ya Plagi

4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Dada yako naye mzima, ila mdomo wake ndio ule ule unaoujua, haupumziki. Nimeona nisikae kimya, maana tangu upande basi na ile baiskeli ikiwa imefungwa juu ya keria sijapata neno lako hata moja. Watu hapa karakana wananiuliza, "Fundi Spoki, yule binti anaiendesha kweli?" Nawajibu anaiendesha, tena watu wa huko wanampisha njia. Sasa usinifanye muongo.

Nikukumbushe mambo mawili matatu, na usikunje uso, najua umeshayasikia. Petroli usitie peke yake. Changanya na oili kama nilivyokuonyesha, tikisa chupa, ndipo umimine. Ukivuta kamba isipowaka, usiivute kama unayegombana na mbuzi. Funga choki, kile kikono cha kuzuia hewa, pumua, vuta tena. Mnyororo wa kushoto ni wa injini, wa kulia ni wa miguu yako. Wa kushoto ukilegea, niandikie kabla hujagusa kitu.

Nilikuwa nakosa usingizi nikiwaza unavyotembea kutoka hapo unapopanga mpaka kazini, na vile viatu vya kisigino. Injini ile ilikuwa ya mashine ya kukatia nyasi, leo inampeleka mwanangu ofisi ya mawakili! Nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu, dada yako anafikiri nimechanganyikiwa. Muuza maziwa na Mkunga, ambao nao niliwaundia za kwao kwa injini zilizotoka sanduku moja na ya kwako, wanazisifu kila mahali. Mkunga anasema siku hizi anafika kabla ya mtoto.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Fundi Spoki


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Kazi ya mapokezi ni kusimama, kukaa, kuitikia simu na kutabasamu, na jioni nafika sina nguvu hata ya kushika kalamu.

Baba, baiskeli imenisumbua kidogo. Inawaka, inakwenda hatua chache, kisha inakata. Nimevuta kamba mpaka mkono ukavimba. Nimeona niiweke uani kwa mama mwenye nyumba, niwe natembea tu. Si mbali kihivyo, na miguu nayo inahitaji mazoezi. Usihangaike, najua una kazi za watu.

Msalimie Dada.

Mwanao,
Kitinda


12 Machi

Dada,

Hii usimwonyeshe Baba. Isome uichane.

Baiskeli ni nzima. Haijakata hata siku moja. Mimi ndiye niliyeshindwa.

Siku ya kwanza niliingia nayo getini bosi akiwa ndani na wageni, madirisha yako wazi. Ile sauti unaijua. Nikazima, moshi bado umetanda, na yule dereva wa bosi akapaza sauti uwanja mzima: "Jamani, mashine ya unga imefika, leteni mahindi!" Walicheka mpaka mhasibu, mama mtu mzima, akajishika kiuno. Nilipojiangalia, sketi yangu ya kijivu ina matone ya oili upande wote wa kushoto. Nikacheka nao, ningefanyaje? Nilikaa siku nzima nyuma ya meza yangu, nikaogopa hata kwenda chooni.

Siku ya pili niliiegesha nyuma ya jengo, karibu na bomba. Saa nne bosi akatoka na mteja, akaiona, akaja mpaka mezani kwangu. "Kile kitu kule nyuma ni cha nani?" Dada, nikamjibu, "Ni cha fundi bomba, bosi. Amekuja kuangalia choo." Hata ulimi haukuteleza. Akaitikia akaenda zake.

Jioni niliikokota mpaka nyumbani bila kuiwasha, nikaifunika turubai. Naona haya kuipanda, halafu naona haya kwa sababu naona haya. Baba aliichomelea kwa mikono yake, akajaribu fremu kwa kupanda yeye mwenyewe kabla sijaigusa. Nitamwambiaje? Mwache aamini imeharibika. Kitu kikiharibika hakuna wa kulaumiwa.

Mdogo wako,
Kitinda


20 Machi

Kitinda,

Kukata! Nimeisoma barua yako nikaiweka chini nikaisoma tena. Injini haikati bila sababu, mwanangu. Si mtu, useme imenuna.

Sasa fanya hivi. Chukua ile spana ndefu niliyokufungia kwenye kitambaa, fungua plagi, ile inayotoa cheche, uangalie ncha yake kwenye mwanga wa jua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, plagi haina neno, tutatafuta kwingine. Ikiwa nyeusi na imelowa, basi unatia oili nyingi, na kosa hilo ni lako. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inavuta hewa mahali isipotakiwa na inachemka, na kosa hilo ni langu. Niandikie rangi. Usiniambie "si mbaya" wala "iko iko tu". Niambie rangi.

Na usimpe fundi wa huko aiguse. Si kwamba nina wivu. Haya, nina wivu. Lakini pia hataielewa, maana tangi nilitengeneza kwa kopo la rangi na kishikio cha kuongezea mwendo ni cha breki ya baiskeli ya mtoto. Mtu akiifungua bila maelezo atafikiri aliyeiunda alikuwa na homa.

Kila nikimwona Mkunga anapita na ya kwake naumia, nasema kwa nini iwe ya mwanangu ndiyo ikate?

Baba yako,
Fundi Spoki


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeifungua plagi kama ulivyosema. Ni nyeupe kabisa, tena imelowa oili. Vyote viwili.

Naona haitapona, Baba. Iache tu. Tafadhali usijisumbue nayo tena, mimi natembea vizuri.

Mwanao,
Kitinda


9 Aprili

Wewe mtoto,

Sikusalimii. Umemfanya nini Baba?

Barua yako ilifika akiwa anaziba pancha. Akaisoma, akaacha pancha nusu. "Nyeupe, na imelowa," akawa anarudia hivyo mchana kutwa, chakula akakiacha mpaka kikapoa. Jioni akaniita akanieleza kama vile mimi ni fundi mwenzake. Eti ndani ya injini kuna raba ndogo, sili, inazuia hewa isiingie na oili isitoke. Ikifa, injini inavuta hewa na kuvuja oili kwa pamoja. Eti hakuna kingine kinachoweza kuifanya plagi iwe nyeupe na ilowe. Na injini zote zilitoka sanduku moja, kwa hiyo kama sili ya Kitinda imekufa, na hizi nyingine zitakufa. Injini ikijamu mtu akiwa kwenye mteremko, anarushwa chini.

Asubuhi yake alikwenda kwa Muuza maziwa, akamnyang'anya baiskeli. Akaenda kwa Mkunga, naye akamnyang'anya. Mkunga akamwambia, "Fundi, mbona inakwenda vizuri?" Baba akasema, "Hata ya mwanangu ilikwenda vizuri."

Wiki iliyofuata Mkunga akaitwa, mvua inanyesha, akaenda kwa miguu. Alipofika mtoto ameshazaliwa na mama anavuja damu, hakuna aliyejua la kufanya. Ameponea chupuchupu. Bado yuko kitandani. Baba aliposikia alipanda kwenye ngazi akakishusha kibao chake cha karakana, kile cha "Baiskeli za Injini", akakiegesha kwenye ukuta na maandishi yakiwa yametazama ndani. Sasa anaziba pancha tu. Watu wakimsalimia anaitikia chini chini.

Mdomo wangu huu mnaousema, nimeufungua mara mbili nimwambie. Mara mbili ameniangalia, nikaufunga. Si wangu mimi wa kulisema jambo hili. Liseme wewe.

Dada yako


10 Aprili

Mwanangu,

Nimezifungua injini mbili nilizonazo hapa. Sili zake nimezigeuza, nimezibinya, nimezishika mbele ya taa, sikuona kosa. Lakini macho yangu si ya zamani, na ya kwako imekufa, umeniambia mwenyewe.

Nisamehe. Nilikupa kitu kibovu ukaingie nacho mbele ya watu wenye heshima zao. Nikifumba macho nakuona imekukatia barabarani, umevaa nguo za kazi, watu wanakutazama, na wewe unavuta kamba. Naona haya hata kukuandikia. Nilijisifu mno. Nilimwambia kila aliyepita hapa kuwa binti yangu anakwenda kazini kwa injini niliyoifunga mimi, nikasahau kwamba siku ikikata ni wewe utakayechekwa, si mimi.

Ofisini wakiuliza, usiseme ni baba yako aliyeiunda. Sema ulinunua kwa mtu.

Baba yako


17 Aprili

Dada,

Nimeanza barua kwa Baba, nikaichana. Nikaanza nyingine, nikaichana nayo. Naandika "Baba, shikamoo," halafu kalamu inasimama.

Nilifikiri nimwambie imepona yenyewe. Lakini atauliza imeponaje, unamjua, ataitaka rangi ya plagi tena! Halafu nitadanganya tena, na yeye ataamka asubuhi akafanye kitu kwa sababu ya uongo wangu. Dada, mimi plagi sikuifungua. Spana bado iko kwenye kitambaa chake na fundo alilofunga mwenyewe. Nilisema nyeupe nikaona haitoshi, nikaongeza imelowa, ili aikatie tamaa. Sikujua kuwa kuna ugonjwa wa namna hiyo. Nilitaja ugonjwa kwa kubahatisha, nikaupata ulio mbaya kuliko yote.

Yule mama aliyejifungua ananijia kila nikikaa. Sijui hata sura yake.

Ameniambia niseme nilinunua kwa mtu. Umeona? Ananifundisha kumkana, na mimi nilishamkana kabla hajanifundisha.

Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Nitamwambia. Nakuapia nitamwambia.

Kitinda


24 Aprili
(imeachwa kwa mama mwenye nyumba)

Kitinda,

Nimekuja na basi la asubuhi, nimekuta umeshakwenda kazini. Sikutaka kukufuata ofisini, nisije nikakuharibia. Mama mwenye nyumba amenipokea vizuri, amenipa maji na kiti, mshukuru.

Nimeuona ubovu. Ni waya wa plagi, ulikuwa umelegea. Sikuukaza vizuri siku ile, kosa ni langu. Sili haina neno.

Ila nimefikiri, nimeona injini ni nzito kwa fremu ile. Nimeitoa. Tangi nimetoa, kamba nimetoa, mnyororo wa kushoto nimetoa. Mashimo ya bolti nimeyaziba. Oili yote nimeifuta kwa mafuta ya taa, na ule mkono wa breki ya mtoto nimebadilisha. Sasa ni baiskeli tu kama za watu wengine. Haina kelele, na haitakuchafulia nguo. Hapa na pale imechubuka, nisamehe, rangi sikuja nayo.

Turubai nimelikunja, liko juu ya kuni.

Baba yako


25 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Mama mwenye nyumba amenieleza. Ulivuta kamba mara moja ikawaka. Anasema uliiacha ingurume, ukakaa juu ya ndoo ukaisikiliza kwa muda mrefu, kisha ukazima ukaomba maji. Hakuna waya uliolegea, Baba. Unajua hakuna, na mimi najua, na bado umeandika kosa ni lako.

Haikukata hata mara moja. Nilidanganya. Nilipofika nayo ofisini walinicheka, wakaiita mashine ya unga, na mimi kesho yake, badala ya kuiegesha mbele ya watu, niliificha nyuma ya jengo. Bosi alipouliza ni ya nani nikamwambia ni ya fundi bomba aliyekuja kuangalia choo. Wewe, Baba. Nilikugeuza fundi bomba ili nisiseme neno moja, "yangu". Plagi sikuitazama kamwe. Rangi nilizitunga.

Yule mama alivuja damu kwa sababu ya sketi yangu. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine, sipati.

Jana nilirudi na mhasibu na msichana wa ofisi ya jirani, walikuja kunywa chai. Tukaikuta baiskeli imesimama ukutani, safi, haina kitu tumboni. Mhasibu akasema, "Baiskeli nzuri hii, ya nani?" Nikasema ni yangu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Nikawaandalia chai nikiwa nimewageuzia mgongo, wasinione uso.

Warudishie watu baiskeli zao, Baba. Kibao kirudishe juu. Uniadhibu utakavyo.

Mwanao,
Kitinda


3 Mei

Mwanangu Kitinda,

Barua yako nimeipata. Hasira nilikuwa nayo, nisiseme uongo, nikaondoka nayo hapo ikaishia ndani ya basi. Injini niliipakata njia nzima, kondakta akaniuliza mzee, umebeba nini, nikamwambia mjukuu.

Muuza maziwa na Mkunga nimewarudishia za kwao. Niliwaambia nilikosea mimi kupima, macho yameanza kunitupa. Muuza maziwa, wateja wake wengi wameshahamia kwa mwingine. Mkunga akasema, "Fundi, uzee huo." Nikakubali. Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Ameanza kukaa. Mtoto ni mnene, analia kwa sauti kubwa.

Nataka ujue jambo moja. Nilipovuta kamba ikawaka mara ile ile ya kwanza, nilifurahi. Nilipiga kofi pale uani nikasema, kumbe mikono hii bado inajua! Nikaketi kuisikiliza, nikasema hebu nisubiri ikate. Haikukata. Ndipo nikaona utando wa buibui kati ya plagi na fremu, na bolti ya plagi ina vumbi la safari yake ya kwanza, haijaguswa na spana. Polepole nikaelewa. Ile furaha ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi kwanza kama mjinga.

Kuna lingine sikuliandika. Ulipofika na wageni wako sikuwa nimeondoka. Nilikuwa uani naifunga injini kwenye gunia. Nikasikia sauti yako getini, unacheka, na sauti za wenzako. Nikalibeba gunia nikasimama nyuma ya tangi la maji. Mzee mzima, Kitinda, na mvi zangu, nimejibana kwenye ukuta. Sikujificha kwa sababu nimekukasirikia. Nilifikiri wakiniona watauliza huyu ni nani, nawe itabidi ujibu kitu. Sikutaka ubanwe. Na mimi sikutaka kulisikia jibu.

Nilikusikia ukisema baiskeli ni yako. Nikasema moyoni, sawa, sasa imekuwa yake. Mlipoingia ndani nikatoka kwa mlango wa nyuma wa ua. Mama mwenye nyumba aliniona, nikamwomba asikwambie. Nimejaribu kukaa nalo peke yangu, limenishinda.

Usilie. Kula vizuri.

Baba yako


11 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea ofisini, mezani kwangu, watu wakiingia na kutoka. Nilipofika kwenye tangi la maji nikaacha simu ilie mpaka ikanyamaza yenyewe.

Nimekwenda kwa bosi nikamwambia, siku ile kile kitu hakikuwa cha fundi bomba, kilikuwa changu, na aliyekiunda ni baba yangu. Akanitazama. "Siku ipi?" Hakumbuki, Baba. Dereva naye ndiyo kwanza anauliza, mashine gani? Hakuna anayekumbuka isipokuwa mimi, na ukaenda kusimama nyuma ya tangi kwa ajili ya hilo.

Dada nimemtumia barua nyingine. Atawasomea Mkunga na Muuza maziwa mbele yako, neno kwa neno, wajue macho yako hayajakutupa na uzee haukuhusika. Usimzuie. Kwa yule mama nitakwenda mwenyewe nikipata likizo.

Sasa nina ombi, na sistahili kuomba. Njoo na injini. Ifunge pale uani asubuhi mimi nikiwa kazini, ufunguo utaachiwa. Halafu uje nayo ofisini saa sita mchana, wakati wa chakula, wakiwa wote wamekaa barazani. Sitakudanganya tena kwamba sioni haya. Labda dereva atasema lake. Na aseme.

Mimi nitakuwa nimesimama nje, getini. Usiizime kwenye kona ukaanza kuikokota kwa ajili yangu. Njoo ikinguruma, Baba, mpaka pale niliposimama.

Mwanao,
Kitinda